Sukari ya Kijiko Kimoja

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Asubuhi kabla hajala, kila lita hubeba sukari isiyofika gramu 1. Jumla yake ni gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Dereva wa bodaboda wa Majengo, hapa Sumbawanga, hazidi hapo kama ni mzima.

Sahani moja ya ugali huleta sukari mara nyingi zaidi ya hiyo. Inakwenda wapi? Kongosho humwaga insulini, na kwa amri yake misuli na ini huifungia sukari ndani kama mahindi kwenye kihenge. Msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine: hunyonya sukari hata insulini ikiwa kidogo. Anayeinua kwa jembe matuta yaitwayo ntumba huko vijijini Ufipa anapunguza sukari yake bila kujua.

Kupima uwezo wa mwili kuhifadhi sukari ni rahisi. Mtu hunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, kisha husubiri saa 2. Damu ikikutwa na milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, yaani gramu 2 hivi, mwili umeshindwa kuhifadhi: hicho ndicho kisukari. Kwa kinywaji hicho watafiti Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliwapima watu 6,299 katika vijiji 6 vya Tanzania, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1989. Wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa taifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Umri na namna ya kupima vilitofautiana, kwa hiyo usigawanye namba moja kwa nyingine. Lakini ongezeko halina ubishi.

Kaushik Ramaiya wa Hospitali ya Shree Hindu Mandal, Dar es Salaam, alikwenda hatua moja mbele, nami naiona ndiyo kubwa. Mwaka 1991, akiwa na Swai na McLarty, aliandika katika jarida la BMJ kuhusu jamii za Wahindu nchini, akipima kisukari pamoja na vihatarishi vya moyo. Jamii hizo, zenye asili moja, zilitofautiana katika vipimo hivyo.

Kwa nini apime vyote? Kwa sababu sukari iliyozidi hunata kwenye protini. Ikinata kwenye hemoglobini, hubaki humo maisha yote ya chembe nyekundu, siku 120 hivi. Ikidhuru ukuta wa mshipa, mshipa hupoteza ulaini, presha hupanda, mafuta hujipenyeza. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kisukari huuawa na maradhi ya moyo na mishipa.

Basi ukienda kupimwa sukari, omba upimwe na presha siku hiyohiyo. Na kabla ya kula, ukikutwa na milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, rudia kipimo.