Somo la Makatibu: Akiba ya Uzeeni Wakati wa Dhiki

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watalii kuja Unguja, hoteli nyingi za Mji Mkongwe, Nungwi na Paje zilisimamisha kazi. Katika dhiki ya namna hiyo mwanachama humwendea Katibu na swali zito: iweje mtu ashinde na njaa ilhali akiba yake ya uzeeni ipo?

Swali hilo limekwisha kusumbua Tanzania Bara. Mwaka 2012 wafanyakazi, hasa wa migodini, walipinga kuzuiwa kuchukua michango yao kabla ya kustaafu. Mwaka 2018 likawekwa fao la kukosa ajira: aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita.

Katibu atenganishe fedha za aina tatu:

1. Michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Chama hakina mamlaka juu yake. Mwanachama aelekezwe kwenye Mfuko.

2. Hisa. Huo ni mtaji wa chama, hautolewi kwa sababu ya shida ya mtu mmoja.

3. Akiba ya chama. Hufuata masharti ya chama. Kwa kawaida huwa dhamana ya mkopo, na hurejeshwa yote mwanachama anapojitoa.

Kisha Katibu afanye hesabu pamoja na mwanachama. Shilingi 1,000,000 zikipata faida ya asilimia 6 kila mwaka, na faida ikaachwa humo, baada ya miaka 12 hupita shilingi 2,000,000. Azitoaye leo hupoteza na hiyo milioni ya pili. Akikopa 300,000 za dharura na kuzirejesha, akiba yake huendelea kukua.

Lakini mkopo humfaa mwenye tumaini la kipato. Asiye nalo asitwishwe deni. Akiamua kujitoa, alipwe haki yake kwa heshima. Na Kamati isikawie: ombi la dharura likilala mezani mwezi mzima, mwanachama atakuwa ameshauza nyavu zake.

Akiba haiozi, ila huliwa.

Maswali ya mkutano:

(a) Je, chama chetu kina fungu la mikopo ya dharura?

(b) Ombi hujibiwa baada ya siku ngapi?

(c) Je, kila mwanachama anajua tofauti ya hisa zake na akiba yake?