Somo la Majilio: Kuitengeneza Njia ya Furaha

Masomo: Luka 1:39-56, Wafilipi 4:4-7, Mathayo 2:13-18



Kila mwaka Desemba inapokaribia, tukitembelea nyumba za waumini tunaulizwa swali lile lile: "Mchungaji, mwaka huu tutasherehekea na nini?" Wengine hawaulizi, wanauza tu. Mafuta ya mgao na nusu ya unga vinakwenda sokoni, inarudi gauni moja na viatu vya mtoto, kisha Januari watoto wanalala kwa uji mwepesi. Hatuwahukumu, kwa maana katika nyumba ya mchungaji tumefanya hayo hayo. Mwaka 2023, mgao ulipopunguzwa, bado tuliuza. Nguo zilipendeza kweli. Lakini siku ya Krismasi tulikaa kanisani tukihesabu siku zilizobaki hadi mgao unaofuata, na mahubiri hayakutuingia, ingawa tuliyahubiri sisi wenyewe!

Tena yuko jirani ambaye hata cha kuuza hana. Huyo siku ya Krismasi anabaki nyumbani na watoto wake kwa aibu ya nguo. Kama maskini anaona haya kuja kumwabudu Mtoto aliyelazwa katika hori la ng'ombe, basi sisi kanisa tumekosea mahali fulani.

Wazazi wetu katika imani ya Kianglikana walituachia Majilio. Yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na siku ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, nayo yana Jumapili nne. Ni majira ya kungoja kuja kwa Bwana, na kuja huko ni kuwili: alikuja kwa unyenyekevu, atakuja tena kwa utukufu. Sala ya Jumapili ya kwanza inayaunganisha yote mawili. Iliingia katika Kitabu cha Sala cha kwanza cha mwaka 1549, wakati wa Askofu Mkuu Thomas Cranmer, na Kitabu cha mwaka 1662 kinaagiza isomwe kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Kila siku, wapendwa. Ni sala fupi, mtoto wa darasa la tatu ataishika kichwani ndani ya juma moja. Nyumba isiyo na kitabu imwombe katekista ainakili kwenye karatasi.

Sasa tufungue Wafilipi 4:4-7. Katika Kitabu cha 1662 hilo ndilo somo la Waraka kwa Jumapili ya nne, ile ya mwisho kabla ya Krismasi. Paulo anaamuru watu wafurahi, na anarudia amri yake. Yuko wapi anapoandika? Rudini sura ya 1, mtamkuta katika vifungo. Mfungwa anawaandikia walio nje wafurahi! Sababu anayotoa ni moja tu, kwamba Bwana yuko karibu. Hataji kuachiliwa, hataji chakula. Angalieni pia kwamba hawakatazi kuomba. Anawaambia wapeleke haja zao zote kwa Mungu pamoja na shukrani. Kwa hiyo furaha na kilio cha maombi vinakaa katika kinywa kimoja. Wako kati yetu waliokwisha kugawa sufuria na godoro kwa majirani wakingoja safari ya Marekani, halafu Januari 2025 safari zikasimamishwa. Ndugu hao wasiambiwe kwamba machozi yao ni ukosefu wa imani. Tuwaombee kwa majina, kisha tuimbe pamoja nao.

Wimbo upo tayari. Kitabu cha Sala kimeuweka Wimbo wa Mariamu katika Sala ya Jioni, jioni zote za mwaka. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukiwa watoto tunakumbuka Desemba ile ya kwanza chini ya maturubai. Vitabu vilibaki Kongo, ngoma zilibaki, kengele ilibaki. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na wimbo huo kichwani kwa sababu aliusali kila jioni tangu ujana wake. Aliuanzisha gizani, na wale waliokuwa wakiukumbuka wakauitikia kipande kwa kipande. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hatukuwa na nguo mpya hata mmoja, wala hatukumbuki kama tulikula. Tunakumbuka kwamba mama zetu waliimba habari za wenye njaa kushibishwa, wakiwa na njaa, na sauti zao hazikutetemeka.

Mariamu aliuimba akiwa wapi? Katika nyumba ya Elizabeti. Krismasi ya kwanza ilitayarishwa kwa kutembeleana: msichana mwenye mimba ya kutia mashaka na mwanamke mzee aliyewahi kuaibishwa kwa kukosa mtoto. Walikaa pamoja miezi ipatayo mitatu. Basi tunaziomba familia zote, kabla ya Jumapili ya tatu, mtembelee nyumba moja msiyozoea kuingia. Si lazima kubeba kitu. Wako wanaokaa nasi benchi moja ambao ndugu zao na ndugu zetu walipigana huko Fizi na Uvira, na tunapeana mkono wa amani kwa ncha za vidole. Wako waliogombana kwenye foleni ya maji tangu Pasaka. Kitabu cha Sala kinawaalika mezani pa Bwana wale walio na upendo kwa jirani zao, nasi tutakuwa na Ushirika Mtakatifu siku ya Krismasi. Siku za kupatana ni hizi za Majilio. Asubuhi ya tarehe 25 itakuwa haraka mno.

Kuhusu mishumaa minne ya Majilio, mmetuuliza kama ni lazima. Si lazima, na ndani ya nyumba ya turubai au nyasi ni hatari. Lakini msidhani ni desturi ya matajiri. Mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Johann Hinrich Wichern, aliweka mishumaa juu ya gurudumu mwaka 1839 huko Hamburg kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, wapate kuhesabu siku za kungoja. Sisi tutatumia koroboi moja au taa ya sola, na kila Jumapili mtoto mdogo wa nyumba achore mstari mmoja wa mkaa ukutani. Zikitimia nne, tumefika.

Kalenda yetu haifichi huzuni. Siku tatu tu baada ya Krismasi, 28 Desemba, tunakumbuka watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa na Herode, wakati Yusufu alipomkimbiza Mtoto Misri usiku. Kanisa lingeweza kuiweka siku hiyo mbali, wakati sherehe zimesahaulika. Limeiacha pale pale, ndani ya siku kumi na mbili za Krismasi zinazokwenda hadi Epifania, 6 Januari. Mama aliyemzika mtoto njiani haombwi kumsahau ndipo afurahi pamoja nasi.

Jioni hiyo ya tarehe 28 tutasali Sala ya Jioni kanisani saa kumi na moja, kila mtu na nguo aliyo nayo. Tutasoma majina ya watoto wetu waliofia vitani, njiani na hapa kambini. Mnaotaka jina lisomwe, mpeni katekista kabla ya Jumapili ya nne. Kama mtoto hakuwa amepewa jina bado, mwandikieni jina la mama.