Je, Mvinyo na Pombe Kali Hushika Moto?

Huku kwetu Busia, mji uliokatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, na pia Tororo, kuna ubishi usiokwisha juu ya pombe na moto. Mmoja husema pombe huwaka kama petroli. Mwingine huapa kwamba pombe ni maji, na maji hayawaki. Kwa kuwa jambo hili lagusa uhai wa watu, nimeona vema kuwaeleza wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliotutangulia shuleni, yale tunayojifunza katika kemia.

Kwanza, yatupasa kufahamu kwamba kinachowaka ni mvuke wa kileo, yaani ethanoli, unaopanda juu ya kinywaji. Mvuke ukiwa haba, moto hauna cha kushika. Tena, kadiri maji yanavyozidi ndani ya kinywaji, ndivyo kinavyohitaji joto zaidi ili kitoe mvuke wa kutosha.

Ethanoli safi huweza kushika moto ikiwa na joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Pombe kali yenye kileo asilimia 40, kama waragi ya chupa, huhitaji nyuzi 26 hivi. Divai yenye asilimia 12 huhitaji nyuzi 50 hivi, kwa hiyo mezani haiwaki, ila ikipashwa moto sufuriani mvuke wake huweza kuwaka. Malwa, ambayo wazee wa Tororo huinywa kwa mirija mirefu wakizunguka chungu kimoja, na busaa ya upande wa Kenya, zina kileo kidogo zaidi ya divai. Mimina busaa baridi juu ya makaa: utazima makaa.

Basi pombe hafifu hugeukaje kuwa kali? Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, na maji kwenye nyuzi 100. Wapikaji wa waragi na chang'aa huchemsha pombe ndani ya pipa. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, kisha hudondoka ukiwa na kileo kingi. Hapo ndipo hatari ilipo, maana moto uko chini na mvuke uko juu. Kiungo cha bomba kikivuja, mvuke huufuata moto. Na ndimi za moto wa kileo ni za buluu hafifu, hata mchana mtu aweza kuungua kabla hajauona.

Sasa nitaje jambo kubwa kuliko yote. Wanywaji wengi huipima chang'aa kwa kiberiti: ikiwaka buluu, husema ni safi. Kipimo hiki ni cha uongo, kwa sababu mbili. Kwanza, waragi ile ile yaweza kukataa kuwaka asubuhi yenye baridi ya nyuzi 18, ikawaka adhuhuri jua likiwa kali, bila kubadilika hata kidogo. Pili, methanoli, kileo cha viwandani chenye sumu, nayo huwaka kwa moto wa buluu. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na kuua. Mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na mwaka 2010 waragi yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu wilayani Kabale, Uganda. Kiberiti kisingaliwaokoa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, shikeni mambo matatu. Msiweke pombe kali karibu na jiko wala taa ya mafuta. Ikishika moto chomboni, funikeni kwa kifuniko au blanketi iliyolowa, msikimbie nayo. Na mtu akiwasha kiberiti ili kuwathibitishia kwamba chang'aa yake ni salama, mwambieni kwamba moto humwonyesha kinachowaka tu, sumu haumwonyeshi.