Dondoo muhimu: Kabla hujawasha kamera Goweko

Ukishuka kijiji cha Goweko kwa Reli ya Kati ya Tanzania kurekodi filamu ya mgogoro wa ardhi, anzia ofisi ya kijiji, kibali cha Bodi ya Filamu mkononi. Keti, jitambulishe, sikiliza.

Mwombe mzee mwenye shamba atembee mpakani mwake, nawe mfuate bila kukata picha. Akigusa mwembe, kaburi au mzinga wa gome uliotundikwa mtini, sogeza kamera hadi vidoleni mwake. Huo ndio ushahidi wake. Kipaza sauti kivalishe kifuniko, upepo humeza maneno.

Omba kuona muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliojadili ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hatimiliki ya serikali, na mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Basi wahoji kina mama peke yao, waume wasiwepo. Mfugaji naye asikike, hata kama mwenyeji wako ni mkulima.

Mwenye kesi kwenye baraza la ardhi usimwoneshe sura bila ridhaa yake: wewe utaondoka na treni, yeye atabaki na majirani zake. Filamu ikikamilika, tafadhali irudishe, waione wanakijiji kwanza.