Mwinyi Mkuu: cheo cha nyumbani

Wasomaji wametuuliza kuhusu neno "mwinyi" na watawala wa kale wa Unguja. Mtafiti wa historia ya pwani anawajibu.

Je, "mwinyi" ni neno la Kiarabu?

La. Ni la Kibantu, ndugu wa "mwenye". Sikiliza tunavyosema kila siku: mwenye nyumba, mwenye shamba, wenyeji. Mwinyi ni mwenye nchi, na Mwinyi Mkuu ndiye aliye juu ya wote. Mwanamke aliitwa Mwana. Katikati ya karne ya 17 Unguja ilikuwa na malkia aliyeitwa Mwana Mwema. Wapo wanaodhani kila cheo cha pwani kilishuka na jahazi. Hiki tulikuwa nacho.

Alimiliki ardhi yote?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kila kijiji kilikuwa na wakuu wake. Ardhi ilikuwa ya koo, mambo ya mizimu alikuwa nayo mvyale, na wazee wanaoitwa watu wanne walisimamia mambo ya mji. Tumbatu walikuwa na sheha wao, Pemba walikuwa na madiwani. Mwinyi Mkuu alitawala Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja.

Enzi yake ilikaa katika ngoma na siwa. Siwa ni baragumu kubwa, na tundu la kupulizia liko ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta. Lamu wanayo ya shaba, na ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Aliyeshika siwa na ngoma ndiye aliyetawala. Kwa wenyewe, hivyo vilikuwa na uzito kuliko hati yoyote.

Waomani walipoingia ikawaje?

Malkia Fatuma wa Unguja alikuwa upande wa Wareno. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, alipelekwa Muscat, na baadaye akaruhusiwa kurudi. Cheo hakikufutwa. Hata sultani wa Oman, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Unguja, Mwinyi Mkuu aliendelea kukusanya kodi kwa Wahadimu, sehemu yake ikienda kwa sultani.

Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijitenga na mji akajenga kasri Dunga, njiani kwenda Chwaka. Lilikamilika mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Seyyid Said. Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed aliuawa na ndui mwaka 1873, na hakuwa na mwana wa kiume wa kumrithi. Kiti kikabaki kitupu.

Mbona leo "umwinyi" ni lawama?

Ndiyo, ukimwambia mtu ana umwinyi, unamaanisha anakaa kitako akingoja kufanyiwa. Sitaki kuwasafisha watawala wale: Wahadimu walilipa kodi na walitumikishwa, na mzigo huo ulikuwa halisi. Lakini inaniuma neno lote kubebeshwa uvivu. Mwenye nchi aliwajibika kwa nchi: wageni walipokelewa kwake na kesi zilifika kwake. Ndiyo maana familia nyingi za pwani zimelishika kama jina la heshima. Rais wa pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkoa wa Pwani, ni mfano unaojulikana na wote.

Kimebaki nini?

Cheo cha sheha kingalipo. Zanzibar yote imegawanywa katika shehia, na kila moja ina sheha wake, ingawa siku hizi huteuliwa na serikali. Ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu zilihifadhiwa na makumbusho. Dunga zimebaki kuta za mawe na chokaa, nyingine zimeshaota miti.

Ukienda Chwaka, simama pale hata robo saa. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua majina ya watu wanne wa kijiji chake, kaa naye, uyaandike leo.