Uso wa Mwanafunzi na Mlango wa Chuo Kikuu

Kijana atakaye kuingia chuo kikuu hupimwa kwanza. Huulizwa hesabu, lugha na mengine aliyofundishwa, kisha majibu yake husahihishwa. Je, uso wake nao wahusika? Huko Marekani ulikuwako wakati uso ulipotiwa katika mizani pamoja na alama za mtihani.

Chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636. Mwaka 1900, katika kila wanafunzi wapya 100, Wayahudi walikuwa 7 hivi. Mwaka 1922 walizidi 21, na mwaka 1925 walipita 27. Wengi walikuwa wana wa watu waliohama kutoka Ulaya ya mashariki. Walishinda mitihani, basi waliingia. Mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, hakupendezwa. Alitaka hesabu yao iwekewe mpaka, lakini mwaka 1923 halmashauri ya waalimu ilikataa. Ndipo ilipotafutwa njia ya pembeni.

Swali. Njia hiyo ilikuwa nini?

Jibu. Tangu mwaka 1922 karatasi ya kuombea nafasi iliuliza rangi na taifa la mwombaji, jina la mama yake kabla ya kuolewa, mahali alipozaliwa baba yake, na kama jina la jamaa lilipata kubadilishwa. Mwaka 1926 ikatakiwa na picha ya uso. Tena tabia ya kijana ikahesabiwa pamoja na mtihani.

Swali. Picha ilikuwa na kazi gani?

Jibu. Aliyebadili jina aliweza kupita katika maandishi. Katika picha walidhani watamtambua. Nalo neno tabia ni neno jema, lakini hapo lilifanywa kapu lenye kifuniko: aliyekataliwa hakuweza kuona kilichowekwa ndani. Katika miaka iliyofuata Wayahudi walishuka hata kufikia karibu 15 katika 100.

Mkulima anunuaye mbegu za maharagwe hutazama ngozi yake, naye ana haki, kwa maana tundu dogo laonyesha kwamba mdudu amekula ndani. Lakini ni tundu gani katika uso wa kijana liwezalo kuonyesha kwamba hajui hesabu?

Desturi hiyo haikufa upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaguzi wa serikali walichungua mafaili ya Harvard kwa sababu ya malalamiko juu ya waombaji wenye asili ya Asia. Pembeni mwa karatasi moja walikuta imeandikwa kwamba mwombaji ni mfupi mwenye masikio makubwa. Masikio!

Hata aliyekwisha kuingia hufuatwa na uso wake. Katika chuo kimoja cha Uswidi mtaalamu alilinganisha alama za wanafunzi wa uhandisi na uzuri wa nyuso zao, kama ulivyokadiriwa na watu wengine. Katika masomo ya hesabu na fizikia, ambamo mtihani wa mwisho ndio uamuao, uzuri haukuwa na faida. Katika masomo mengine, ambamo mwalimu huongea sana na wanafunzi, wazuri walipata alama zaidi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowalazimu kusomea nyumbani, faida hiyo iliwatoka wasichana, bali kwa wavulana ilibaki.