Mchungwa wa Uwanjani: Kuuchagua Mche na Kuuvusha Kiangazi

Bidhaa nyingi huonyesha kasoro zake siku chache baada ya kununuliwa. Mche wa tunda hauko hivyo. Mnunuzi hulipa leo, na ukweli wa alichonunua hudhihirika baada ya miaka mitatu au minne, tunda la kwanza linapoiva. Kwa hiyo ulinzi wa mlaji katika biashara ya miche huanzia kitaluni, kabla fedha haijatoka mkononi. Katika somo hili tunauzungumzia mchungwa, mti unaofaa sana kupandwa mbele ya nyumba: haupukutishi majani yake kwa msimu, hutoa maua meupe yenye harufu nzuri, na hatimaye huzaa.

1. Ukavu wa uwanja

Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2000 kwa mwaka. Hata hivyo, uwanja wa nyumba waweza kuwa mkavu kuliko shamba lililo jirani nao, kwa sababu tatu. Kwanza, mvua hupungua sana kati ya Juni na Oktoba. Pili, udongo wa kichanga wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kama ule wa Matema, haushiki maji. Tatu ni ufagio: uwanja unaofagiliwa kila asubuhi hupoteza majani makavu ambayo yangeufunika udongo, nao ukishindiliwa na nyayo, maji hutiririka juu yake bila kupenya.

Masika huleta hatari iliyo kinyume. Penye udongo mzito na maji yanayotuama, mizizi ya mchungwa huoza. Mti uleule, basi, waweza kufa kwa kiu mwezi Septemba au kwa kuzama mwezi Aprili.

2. Mche uliobebeshwa ni nini?

Mche uliobebeshwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Sehemu ya chini, yenye mizizi, aghalabu ni mlimau mkali, ambao hustahimili kichanga na ukavu lakini hauvumilii maji yaliyotuama. Sehemu ya juu hutokana na jicho au kikonyo kilichochukuliwa kwenye mchungwa wa aina inayojulikana, kama vile Valencia au Washington Navel. Mchungwa wa namna hii huanza kuzaa mapema, ilhali ule uliooteshwa kwa mbegu huchelewa kwa miaka kadhaa zaidi, na huwa na miiba mingi ungali mchanga. Bei ya mche uliobebeshwa huwa juu kwa sababu hiyo, na hapo ndipo ulipo mwanya wa udanganyifu.

3. Ukaguzi kitaluni

Kabla ya kulipa, chunguza mambo yafuatayo:

(a) Kovu. Pima kwa macho sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye udongo wa kiriba. Mche uliobebeshwa huwa na kovu au uvimbe, na mara nyingi gamba la juu na la chini hutofautiana. Mche usio na alama yoyote yaelekea ulitokana na mbegu.

(b) Chipukizi. Hakikisha kwamba majani unayoyaona yameota juu ya kovu. Fikicha jani moja: la mlimau hunukia limau. Majani machanga ya mlimau pia huwa na wekundu wa zambarau.

(c) Utepe. Plastiki iliyofungia kiungo iwe imekwisha kuondolewa. Ikiachwa, huukaba mche unaponenepa.

(d) Afya. Kataa mche wenye majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani. Hiyo yaweza kuwa dalili ya ugonjwa usio na tiba.

(e) Mizizi. Kataa mche ambao mzizi wake umetoboa kiriba na kuzama ardhini, utakatika unapong'olewa.

Uliza pia kama kitalu kinatambuliwa na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Wanaoishi karibu na mpaka wa Kasumulu wakumbuke kwamba mche unaotoka nje ya nchi hupaswa kuwa na kibali na cheti cha afya ya mimea. Unaopitishwa kwa njia ya panya huweza kuingiza ugonjwa katika bustani za kijiji kizima.

4. Kupanda na kuvusha kiangazi

Panda mvua zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya Juni. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini, umbali wa mita 4 au zaidi kutoka ukutani. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Penye maji yanayotuama, panda juu ya tuta. Kovu libaki juu ya ardhi daima.

Mvua zikikatika, mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki katika mwaka wa kwanza, asubuhi au jioni. Maji mengi kwa siku chache huzamisha mizizi chini. Kikombe kimoja kila siku huiita juu, ambako jua huiunguza. Takataka za majani zinazofagiwa uwanjani zitandazwe kuzunguka mche kwa unene wa sentimita 10, zisiguse shina. Weka uzio dhidi ya mbuzi.

5. Mchungwa "uliogeuka" mlimau

Husemwa mara nyingi kwamba mchungwa wa fulani umegeuka mlimau. Mti haugeuki. Ama mnunuzi aliuziwa mlimau, ama sehemu ya juu ilikauka au kuliwa, na machipukizi ya chini ya kovu yakachukua nafasi yake. La kwanza ni kosa la muuzaji. La pili huzuiwa kwa kuyaondoa machipukizi hayo kila yanapotokea.

Ili tofauti hiyo ithibitike, dai stakabadhi yenye tarehe, jina la muuzaji, aina ya tunda na maneno "umebebeshwa". Piga picha ya kovu siku ya ununuzi. Ukibaini udanganyifu, mwendee kwanza muuzaji. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bila stakabadhi, lalamiko lako hubaki neno lako dhidi ya neno lake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uwanja unaofagiliwa hukauka upesi?
2. Utatambuaje kwamba chipukizi limeota chini ya kovu?
3. Ni mambo gani manne yanayopaswa kuandikwa katika stakabadhi ya mche?